Kwaresima ya Attracta

Mke wangu Attracta alijua bei ya kila kitu. Ukimwonyesha blanketi, atakwambia limenunuliwa wapi, mwaka gani, na kwamba umeibiwa. Hakuwa bahili. Bahili hanunui. Yeye alinunua sana, ila hakukubali bei ya mjinga.

Tulikaa miaka arobaini na sita katika safu ya nyumba sita za halmashauri, huku kwetu Donegal, Ayalandi, maili saba kutoka daraja la Lifford. Ukivuka daraja uko Strabane, chini ya serikali nyingine. Sisi tunatumia euro, wao pauni. Watu wa kwetu hawaulizani habari za mpaka. Wanaulizana mwaka huu ni nini rahisi huku na nini rahisi kule.

Alipokuwa msichana, enzi za forodha, alivuka na viatu vikuukuu akarudi amevaa vipya. Vikuukuu alivitupa mtoni. Vile vipya alivipaka mavi ya ng'ombe kabla hajafika kwa afisa. Afisa akamwambia, "Dada, viatu vyako vinanuka. Vua nivikague." Akanyoosha mguu. "Vua mwenyewe, kaka, mimi nimechoka." Afisa akampisha. Hadithi hiyo aliisimulia siku ya harusi yetu, mbele ya padri.

Mimi nilijenga kuta za mawe na kuchunga kondoo wa watu. Shule nilikwenda miaka mitatu, nikakaa nyuma. Kuandika alinifundisha yeye, mezani jikoni, mwaka wa kwanza wa ndoa, kwa penseli na karatasi za kufungia nyama. Nikikosea alinigonga vidole kwa kijiko. Haya ninayoyaandika, herufi ni zake.

Alishona mashati kiwandani miaka ishirini na miwili. Kiwanda kilipofungwa alianza kunywa. Sina maelezo zaidi ya hayo. Wenzake walifungiwa kiwanda hichohicho, wakaanza bingo.

Alikunywa pombe ya tufaha, ile nyeupe, kali, ya chupa ya plastiki ya lita mbili. Chupa moja kwa siku. Aliinywa kwenye kikombe cha chai chenye picha ya Papa, na kisahani chini yake. Alianza saa moja asubuhi ili mikono itulie, akamaliza wakati wa taarifa ya habari. Sikuwahi kumwona akipepesuka. Alipika, alifua, alisali. Mgeni asiyemjua angesema mama huyu anapenda chai. Safu yetu walimjua, wakamwita Bibi Tufaha.

Neno moja niliseme mapema. Mwili uliozoea hivyo, ukinyimwa ghafla, unaweza kufa. Mimi sikulijua. Yeye alilijua kwa namna yake. Alikuwa akisema, "Manus, mimi hii sinywi kwa raha. Hii ni kamba. Ukiikata naanguka." Nilidhani ni maneno ya mlevi. Walevi wana maneno mazuri.

Ikaja sheria. Ilikuwa Januari, mapambo ya Krismasi bado yako dirishani. Serikali ilisema pombe isiuzwe tena chini ya bei fulani, na bei hiyo ifuate ukali wa pombe yenyewe. Chupa yake iliyokuwa euro tano na kitu ikawa karibu kumi na mbili. Wiski wanayokunywa madaktari haikupanda hata senti, maana ilikuwa ghali tangu zamani. Attracta aliishika ile chupa dukani, akasoma bei, akairudisha rafuni taratibu. Akasimama pale. Watu walikuwa wanampita na vikapu vyao.

Mimi nilifurahi. Nasema kweli. Garini nikamwambia, "Nilishindwa mimi, wameweza wao."

Tulifika nyumbani. Akiwa anashuka akasema, "Kila kitu chenye nguvu wamekiwekea bei, Manus. Ndiyo maana wewe bado ni bure."

Hakuacha. Safu nzima haikuacha. Condy Gallen wa nyumba namba mbili, fundi bomba mstaafu, ana gari la viti saba. Kila Ijumaa, siku ya pensheni, alivuka daraja. Ng'ambo sheria ile haikuwepo. Watu walichangia mafuta, wakakaa kwa kubanana, wakarudi na makatoni miguuni. Attracta alikaa kiti cha mbele kwa sababu ya nyonga yake mbovu. Mimi nina gari, lilikuwa zima. Aliniomba mara moja tu nimpeleke. Nilimwambia gari langu halibebi sumu.

Basi garini kwa Condy akawa malkia. Alijua duka lipi Strabane linauza tatu kwa pauni kumi, lipi limeshusha bei kwa sababu lebo imechanika, siku gani meneja yupo na siku gani yupo mpwa wake asiyejua bei. Waliokuwa wakimcheka walimfuata kama vifaranga kati ya rafu. Sheria iliyotungwa ili imzuie ilimrudishia kazi. Sikuwa nimemwona na uso ule tangu kiwanda kifungwe. Ulidumu Ijumaa nane.

Condy alipomshushia chupa zake mlangoni hakukosa la kusema.

"Bibi Tufaha, chupa saba. Siku ya saba hata Mungu alipumzika."

"Mungu hakuwa na mume kama wangu."

"Mimi nilidhani nimebeba maji ya kondoo wa Manus."

"Ungekuwa unauzwa dukani, Condy, serikali ingebidi ikutungie sheria yako. Maana kwa bei yoyote hakuna ambaye angekuchukua."

Madge wa nyumba namba tano alikuwa nyuma ya gari na katoni lake la bia. Huyo ni mjane wa siku nyingi, mtu wa kanisa, mzuri wa kupika mkate. Akasema, "Shida yako, Attracta, sisi tunakunywa tukicheka. Wewe unakunywa kama mtu aliyeandikiwa dawa."

"Na wewe unacheka kama mtu aliyenyimwa," Attracta akamjibu, akaingia ndani.

Ndivyo tunavyosemezana huku. Asiyetaniwa amesusiwa.

Sasa Kwaresima. Kwetu kwenye safu, tangu Jumatano ya Majivu mpaka Pasaka, hakuna anywaye, isipokuwa siku moja, sikukuu ya Mtakatifu Patrisi, msimamizi wa nchi yetu. Hakuna aliyeiandika. Ni desturi. Anayevunja hutundikiwa kopo tupu la bia kwenye geti lake, na kopo hilo halitolewi mpaka upepo ulitoe. Attracta hakuwahi kuingia katika mfungo huo. Kopo lake lilitundikwa kila mwaka, naye kila mwaka alilipaka rangi na kupanda ua ndani yake. Zamani watu walimwacha, kwa sababu alinunua mwenyewe duka la hapa na hakumhitaji mtu. Mwaka huu chupa zake zilitegemea gari la Condy.

Niliona nafasi. Jumapili kabla ya majivu, baada ya misa, nikawavuta Condy na Madge kando ya ukuta wa kanisa.

"Condy, Kwaresima hii usimletee."

"Kwaresima hii sivuki kabisa. Gari nalo linafunga."

"Akikuomba?"

"Atakuwa anaomba gari lenye majivu usoni."

Madge akanishika mkono. "Siku arobaini tu, Manus. Ikifika Pasaka utakuwa na mke mpya."

"Huyu wa zamani hajamaliza kumlipia," Condy akasema. Tulicheka wote watatu. Nilicheka kuliko wao.

Pale nyuma ya kanisa padri aliweka meza yenye kadi za nadhiri. Mtu anaandika jina lake kwamba ameacha pombe, anaiweka kadi kikapuni, na Jumatano ya Majivu majina yanasomwa. Nilichukua kadi. Attracta ni herufi nane. Niliziandika vizuri, moja moja, sikukosea hata moja.

Jumatano padri akasoma. Majina kumi na moja, lake la tisa. Watu waligeuka. Condy, mbele yetu, akainua kidole gumba bila kugeuza kichwa. Attracta alikuwa na majivu kwenye paji la uso na mdomo umefungwa. Tulipofika kwenye gari ndipo alipouliza.

"Kadi ile ina mwandiko wa nani?"

"Wako," nikamwambia. "Wewe ndiye uliyenifundisha."

Akafunga mkanda wa kiti, akasema, "Ningekuacha mjinga."

Nyumbani alikuwa amebakiwa na chupa mbili. Akazigawa kama mtu aliye jangwani. Kikombe asubuhi, nusu mchana, nusu jioni. Alhamisi jioni alikung'uta ya mwisho, akamimina maji kidogo ndani, akaitikisa, akanywa hayo maji.

Ijumaa asubuhi mikono ilikuwa inatetemeka mpaka kijiko kikagonga kikombe kama kengele. Nilimwambia hiyo ni arosto, itapita. Neno hilo nililisikia kwa watu, nikaliona linatosha.

Ilikuwa siku ya pensheni, na mimi ndiye niliyekwenda posta kuchukua yangu na yake, kwa sababu ya nyonga. Niliporudi alikuwa amesimama mlangoni na mkoba begani, mkono umenyooshwa.

"Nitakutunzia mpaka Pasaka," nikasema.

"Manus, nisikilize vizuri. Sikuombi chupa saba. Nikopeshe yangu, pesa ya chupa moja. Nitainywa kidogo kidogo. Kila siku nitapunguza, wewe mwenyewe utapima kwa kikombe."

"Nadhiri haipimwi kwa kikombe."

Huo aliousema yeye ndio uliokuwa mpango sahihi. Baadaye niliambiwa hospitali kwamba daktari angesema hivyohivyo, neno kwa neno. Yeye alifika huko peke yake, kwa akili ya mtu aliyezoea kupima. Mimi nikaiweka ile pesa kwenye mfuko wa ndani wa koti na kufunga kifungo.

Akampigia Condy simu. Mimi nilikuwa pale. Condy alikuwa uani kwake na watu, akaweka simu wote wasikie. Nilisikia kupitia simu na kupitia dirishani, nyumba ni jirani.

"Condy, nenda hata mara moja. Nitakulipa mafuta yote."

"Mama, Bwana wetu alikaa siku arobaini jangwani. Wewe hata siku mbili?"

"Bwana wetu aligeuza maji kuwa divai. Wewe hata gari huwezi kuligeuza."

Watu walicheka. Nadhani wakati mwingine angefurahi, maana alikuwa amemshinda. Lakini alishika simu kwa mikono miwili, akasema polepole, "Condy. Naumwa." Condy akasema, "Ndivyo inavyotoka, mama. Inatoka na kelele." Wakacheka tena. Akaweka simu.

Akachukua kopo la sarafu za bingo. Ndani mlikuwa na euro sita. Akavaa koti, akaondoka kwa miguu kwenda duka la kijijini. Ni maili moja. Kwa nyonga ile ni karibu saa nzima. Nilimtazama dirishani mpaka akapotea kwenye kona. Nilijua euro sita hazimnunulii ile chupa yake. Nilijisemea, mwache akaione bei, itamfundisha.

Nilisahau kwamba yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wa bei. Alinunua makopo matatu ya bia, yale mepesi kabisa, ambayo siku zote aliyaita maji ya kuoshea miguu. Pombe ya makopo matatu yale haikufika hata nusu ya aliyoizoea kwa siku. Ingetosha kumshikilia.

Madge alikuwa dukani anatafuta hamira. Akanipigia.

"Manus, nadhiri ya mkeo iko hapa, inanunua bia."

Nikachukua gari. Nilimkuta katikati ya njia, mvua imeanza, anatembea pembeni mwa mtaro kwa kujishikilia kwenye waya wa uzio. Nilipopunguza mwendo akatabasamu. Alidhani nimemfuata kwa ajili ya mvua.

"Ahsante, Manus. Nyonga imekufa kabisa." Akaingia, akaweka mfuko mapajani.

Nikauchukua. Nikashusha kioo cha upande wangu, nikafungua kopo la kwanza, nikalimwaga mtaroni. Hakupiga kelele. Nikafungua la pili.

"Acha moja."

Nikamwaga.

"Acha nusu basi. Nusu kopo, Manus. Sitaki kulewa. Nataka mikono yangu."

"Mikono unayo."

Nikamwaga la tatu mpaka tone la mwisho, nikalikung'uta. Nilikuwa na furaha ya mtu anayetenda haki. Ni furaha kubwa sana, sijaipata tena. Yeye alitazama mbele, kwenye kioo, vile vifagio vya mvua vinavyokwenda na kurudi. Akasema, "Makopo matatu kwa euro tano na senti kumi. Kule ng'ambo ningepata sita." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho yenye akili timamu ambayo aliniambia mimi.

Jumamosi asubuhi nilimkuta jikoni amevaa koti juu ya nguo ya kulalia, jasho linamtoka, anafuta meza.

"Fukuza hawa kuku, Manus. Wananyea mkate."

Hatujawahi kufuga kuku.

Nikamwita Madge. Alikuja na mkate wa moto umefungwa kwa taulo. Akamwangalia Attracta kama mtu anayeangalia nguo kama imekauka.

"Shetani anatoka," akasema. "Mjomba wangu alikuwa hivihivi. Siku ya tatu alikuwa anaimba."

"Aliishi?"

"Aliishi. Alikufa mwaka uliofuata, kwa trekta."

Alimtengenezea chai ya rangi, sukari vijiko vinne. Attracta hakuweza kushika kikombe. Madge akamshikia, akamnywesha, na nyingine ikamwagika kidevuni. "Mwone," Madge akaniambia. "Anakunywa chai kama mtoto wa komunyo."

Attracta akamshika Madge kifundo cha mkono. Kwa dakika moja alikuwa amerudi, macho yake yakamtambua.

"Madge. Unazo. Chini ya ngazi, za sikukuu ya Patrisi. Mimi ndiye niliyekuchagulia."

"Ninazo," Madge akasema, "na zitabaki hukohuko. Siku moja utanishukuru."

"Madge, nipe kikombe kimoja nizimue. Kimoja. Nitakuombea mpaka nife."

"Niombee bila kikombe, mpenzi."

Madge alimpangusa kidevu kwa taulo la mkate. Hakuwa na chuki. Nataka hilo lieleweke. Hakuna aliyekuwa na chuki na Attracta katika safu nzima.

Kabla ya adhuhuri alianguka kati ya meza na jiko. Kifafa. Mwili ulikakamaa, visigino vikapiga sakafu. Madge akapiga magoti akaanza rozari. Mimi nilimshika kichwa. Kilipopita niliona majani ya chai mdomoni mwake. Tukaita gari la wagonjwa. Kikamshika tena njiani, mara mbili.

Hospitalini muuguzi, dada mmoja kijana mwenye macho ya kuchoka, alikuja na karatasi.

"Baba, anakunywa kiasi gani?"

"Hanywi. Ameacha."

"Tangu lini?"

"Alhamisi."

"Kabla ya Alhamisi?"

"Lita mbili. Za tufaha, zile kali."

"Kwa wiki?"

"Kwa siku. Miaka kumi na tisa."

Akaacha kuandika. "Nani alimwachisha?"

"Sisi."

"Sisi nani?"

"Mimi na majirani. Padri alisoma jina."

"Mlimuuliza daktari?"

"Tulimuuliza padri."

Akazungumza polepole, kama watu wanavyozungumza na sisi tusiosoma. "Mtu kama huyu hakatizwi kwa siku moja. Anashushwa ngazi kwa ngazi. Dawa zipo. Mngepiga simu tu, baba."

"Na mpaka daktari afike, tungempa nini?"

"Kikombe chake," akasema. "Mngempa kikombe chake."

Alikufa Jumatatu, mchana, hajaamka. Alikuwa na miaka sabini na mmoja.

Kwetu maiti hurudi nyumbani kwanza. Matanga ni siku mbili, jeneza liko wazi sebuleni, na kila mtu wa kata anapita kumpa mfiwa mkono. Anayepita hupewa kitu. Chai, sandwichi, na kinywaji. Nyumba ya matanga isiyo na kinywaji husemwa kwa miaka.

Jumanne asubuhi Condy alikuja jikoni, kofia mkononi.

"Manus, ndugu yangu, watu watafika mia mbili. Kwa bei ya huku utauza paa."

"Gari lako limefunga."

"Matanga si ulevi. Ni heshima. Nimeshamuuliza padri, amesema Mungu anaelewa."

Twende, nikamwambia. Akanifungulia mlango wa mbele. Nikakaa kiti cha mbele. Tukavuka daraja.

Sikuwahi kununua pombe maishani mwangu. Nilisimama kati ya rafu nikaanza kuweka chochote kwenye toroli. Condy akanitoa mkono. "Hiyo acha, unaibiwa. Attracta angekucheka. Ile ya chini kwenye kona ni tatu kwa kumi. Na bia chukua ile yenye katoni lililobonyea, wanapunguza." Alikuwa ameyashika yote aliyofundishwa. Tulijaza toroli mbili. Binti wa kwenye kaunta akauliza kama tuna sherehe.

"Kubwa," Condy akasema.

Binti akacheka. "Mwenye sherehe ana bahati."

Nikatoa pesa kwenye mfuko wa ndani wa koti. Ilikuwa bado ile pensheni yake. Walikubali euro, ila kwa bei yao.

Watu walikuja zaidi ya mia mbili. Walijaa sebuleni, jikoni, kwenye ngazi, mpaka uani. Walimtazama Attracta amelala na rozari mikononi, mikono imetulia. Walisema amependeza. Walisema amekuwa mwembamba usoni, amerudi kama msichana. Kisha walikuja kunishika mkono, na mkono wao mwingine una glasi.

"Amekufa safi, Manus."

"Siku nne bila tone. Nani angeamini?"

"Kaishika nadhiri mpaka mwisho. Wangapi wanaweza?"

Condy alipanda kwenye kiti jikoni, akainua bia yake. Alisema Attracta alimtukana kwa miaka thelathini na hakuna tusi alilorudia mara mbili. Watu walicheka mpaka wakafuta machozi. Alisema mwaka huu hakuna kopo kwenye geti la Manus, ni mara ya kwanza, na tunywe kwa hilo. Wakanywa kwa hilo.

Karibu na jeneza walisimama wazee wawili kutoka bondeni, nisiowajua vizuri. Mmoja akasema ile sheria ya bei wanaisema bure, kumbe inafanya kazi, tazama imemweza hata Attracta. Mwenzake akasema kweli, ingekuja mapema. Akaniona, akaniinulia glasi kwa heshima. Nikaitikia kwa kichwa.

Jumatano vinywaji vilikaribia kwisha. Condy akavuka tena.

Tulimzika Alhamisi. Padri alisema kwenye mahubiri kwamba kuna watu wanaofunga kwa midomo na kuna watu wanaofunga kwa mwili mzima. Watu waliitikia. Makaburini kulikuwa na upepo, maua yakaruka mpaka ukutani, hakuna aliyeyafuata.

Jioni watu walikuwa wameondoka. Madge alibaki kuosha glasi. Alizipanga kwenye taulo, safu kwa safu, kichwa chini. Alifagia, akakunja viti tulivyoazima kanisani, akasimama mbele ya makatoni yaliyobaki pembeni mwa jiko. Mawili ya bia, hayajafunguliwa, na chupa nne za tufaha ambazo hakuna aliyezigusa.

"Manus, wewe hunywi."

"Sinywi."

"Basi hizi kwako zitakaa tu. Patrisi ni wiki ijayo, na Condy amesema gari limerudi kwenye mfungo. Si nizichukue? Zisije zikaharibika."

Nilimwambia achukue. Akabeba katoni moja, mimi nikabeba jingine, chupa tukazitia kwenye mfuko. Njia ilikuwa na barafu kidogo, nikamwambia aangalie mguu. Nilimfikishia mpaka nyumbani kwake, nikazipanga mwenyewe chini ya ngazi.